Izolateri ikilia alfajiri



Mwezi wa nane umekwisha. Kwa miezi minne hatujaona mvua. Vumbi la njia ya makamiyo limefunika majani ya miembe, mabati ya nyumba, nguo kwenye kamba, na kule disipansere tunapokea vifua na macho mekundu kila siku. Mara nyingi ukurasa huu unasema juu ya vumbi linaloingia katika mapafu. Leo nitasema juu ya vumbi lile lile linapokaa mahali pengine: juu ya izolateri za umeme wa nguvu kubwa.

Mtaniuliza: tangu lini msaidizi wa mganga anafundisha mambo ya umeme? Kweli, mimi si fundi wa umeme. Lakini mtu aliyeunguzwa na umeme hapelekwi kwa fundi, analetwa kwetu. Ndiyo sababu nilikwenda kuwauliza mafundi maswali mengi, hata wengine walichoka nami, na haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza niwape habari ya mtu mmoja. Miaka kadhaa iliyopita, mahali pengine nilipokuwa nikifanya kazi, tulimpokea asubuhi mapema mlinzi wa kituo cha umeme. Uso wake ulikuwa na damu, mkono wa kuume umekatwa na vipande vya kaure, macho hawezi kuyafungua. Hakugusa waya. Hakuingia ndani ya uzio. Alikuwa amesimama nje tu, na taa yake mkononi. Nilipokuwa nikimsafisha alisema neno ambalo sijalisahau: «Mganga, ile kitu ililia siku tatu. Nilimwambia shefu, akacheka. Akasema umeme siku zote unaimba.»

Siku ya nne yalianguka manyunyu madogo, ya kulowesha vumbi tu. Umeme uliruka juu ya izolateri, kaure ikapasuka kama bomu, na kituo chote kikakatika. Pampu na mapangaboi ya mgodi yalisimama. Watu wa posti ya usiku walipanda ngazi kwa mwanga wa taa za kofia. Hakuna aliyekufa siku ile, na mlinzi alipona, lakini alama iko shavuni mwake hata leo. Izolateri ile ilitoa habari mapema, na mtu aliisikia. Habari hiyo haikufika kwa mwenye kuweza kufanya kitu.

Izolateri ni nini? Tazameni nguzo kubwa za chuma zinazoleta umeme wetu. Umeme wa kwanza wa mabwawa yetu ulitoka Mwadingusha, juu ya mto Lufira, tangu 1930. Halafu zikaja Koni mwaka 1950, Nzilo juu ya Lualaba mwaka 1952, na Nseke mwaka 1956. Mwaka 1982 ikafika laini ndefu kutoka Inga mpaka Kolwezi, kilometa 1.700 hivi. Katika laini hizi zote, waya haufungwi moja kwa moja kwenye chuma cha nguzo. Unaning'inizwa kwa mnyororo wa visahani vya kioo au vya kaure. Visahani hivyo ndivyo izolateri. Kazi yao ni kuzuia umeme usipite kwenda kwenye nguzo na kushuka chini udongoni.

Kwa nini vina umbo la sahani, na chini yake mikunjo mikunjo? Ni kwa kurefusha njia. Umeme unaotaka kutoroka lazima utambae juu ya uso wa kisahani, upande, ushuke, uzunguke kila mkunjo. Kisahani cha kawaida kinampa njia ya sentimeta 30 hivi. Mnyororo wa visahani 14 unafanya zaidi ya mita 4. Kwa laini ya volti 220.000, mahali penye hewa safi, hiyo inatosha. Lakini kanuni za kimataifa za IEC za mwaka 1986 zilisema kwamba mahali pachafu sana njia hiyo inapaswa kuwa karibu mara mbili: kutoka milimeta 16 kwa kila volti 1.000 mpaka milimeta 31. Sasa fikirini mahali tunapoishi. Kuna vumbi la mashimo ya wazi, chokaa ya konsantrateri, moshi wa tanuru za kuyeyushia, mvuke wa asidi, na masizi ya moto wa porini. Hewa safi iko wapi?

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi wanalielewa kinyume. Wanafikiri mvua kubwa ndiyo adui wa izolateri. Hapana. Mvua kubwa inaosha. Vumbi likiwa kavu kabisa nalo halileti shida kubwa, maana halipitishi umeme. Hatari iko katikati: umande wa alfajiri, ukungu, manyunyu ya kwanza ya mwezi wa kenda na wa kumi. Maji hayo ni machache, hayawezi kuosha, lakini yanatosha kuyeyusha chumvi zilizo ndani ya vumbi. Vumbi linakuwa kama uji mwembamba, na uji huo unapitisha umeme.

Umeme kidogo unaanza kuvuja juu ya kisahani. Ukipita unatia joto, na joto linakausha mahali pembamba, hasa pale karibu na chuma cha katikati. Hapo panabaki kama mkanda mkavu. Sasa umeme umekatiwa njia, na nguvu yote inasukuma juu ya mkanda ule mdogo, mpaka unaruka kwa cheche. Cheche inazima, inawaka tena, mara nyingi kwa dakika. Hicho ndicho kilio cha izolateri. Ikiwa uchafu ni kidogo, jua linatoka, umande unakauka, kilio kinaisha. Ikiwa uchafu ni mwingi, cheche zinarefuka, moja inaungana na nyingine, na ghafula moto mmoja unaunganisha waya na nguzo. Mafundi wanasema umeme umeruka. Mlinzi wangu aliona hilo kwa macho yake, na macho yake yalilipa.

Sisi wa disipansere tunajua ugonjwa wenye tabia hiyo. Mtoto mwenye malaria anaweza kuletwa adhuhuri, homa imeshuka, anacheza, mama anaona haya kwamba ametusumbua bure. Lakini usiku alikuwa akiwaka. Izolateri chafu ni vile vile. Ukienda kuikagua saa sita ya mchana, jua kali, kila kitu kikavu, haitasema neno. Utaandika katika kitabu kwamba hali ni njema, na kesho alfajiri itakukanusha. Lazima kuipima wakati wa homa yake: kati ya saa kumi ya usiku na kutoka kwa jua, umande ukiwa umeshuka, au wakati wa manyunyu. Na nyakati hizo ni nani yuko nje? Mlinzi, mtu anayerudi kutoka posti ya usiku, mama anayekwenda mapema kuchukua nafasi sokoni, mwenye kinga anayeleta makala kutoka porini. Ninyi mnapita chini ya laini hizo wakati wakubwa wamelala. Ndiyo maana ninawaandikia ninyi.

Basi, sikilizeni. Transfoma ina mngurumo wake, wa namna moja, usiku na mchana, haubadiliki kwa umande. Huo ni wa kawaida. Nyaya zikilowa na mvua hutoa mchakacho mwepesi kwa urefu wote wa laini. Huo pia mafundi wanaujua. Lakini ukisikia mahali pamoja, juu kwenye izolateri, sauti kama mafuta ya moto yanapotiwa samaki mbichi, inakatika na kurudi, na hapa na pale mlio mkali kama kijiti kikavu kinachovunjika, hiyo ndiyo ninayoisema. Kadiri ile milio mikali inavyozidi, ndivyo hatari inavyokaribia.

Giza likiwapo bado, tazameni kutoka mbali. Mwanga mdogo wa buluu au zambarau unaokaa mahali pake karibu na chuma ni cheche ndogo. Lakini mkiona vimwali vya manjano au vyekundu vinavyotembea juu ya visahani, vinarefuka na kufupika, habari imekuwa kubwa, na mtu wa umeme ataarifiwe asubuhi ile ile. Karibu na kituo pua nayo inasaidia: kuna harufu kali inayochoma kidogo puani, ile inayosikika mahali wanapochomelea vyuma. Ni gesi ya ozoni inayozaliwa na cheche.

Halafu kuna redio. Hili nimelijua kwa mama mmoja wa kampi, aliyemleta mtoto kwa chanjo. Alilalamika kwamba redio yake ya mawimbi mafupi inakoroma kila asubuhi wakati wa habari, na jua likipanda inanyamaza na kusema vizuri. Alikuwa amekwisha kuipeleka kwa fundi mara mbili, akalipa mara mbili. Nilimwuliza anaishi wapi. Nyumba yake ni ya mwisho kwenye mstari, upande wa laini. Redio haikuwa na kosa. Kila cheche ya umeme inatupa mawimbi hewani, na redio ya mawimbi mafupi au ya kati inayanasa kama mkoromo. Redio ya FM haisumbuliwi sana. Nilipeleka habari kwa watu wa umeme, wakaenda usiku, wakakuta minyororo miwili inawaka buluu kama maua. Mama yule alinisaidia kuliko vitabu vyangu.

Mafundi nao wana vyombo. Kimoja kinasikia sauti nyembamba sana, ya mitikisiko 40.000 hivi kwa sekunde, ambayo sikio la mtu haliwezi kuipata. Chombo kinaishusha mpaka isikike ndani ya visikizio. Wanakielekeza kisahani kwa kisahani kutoka chini, kama sisi tunavyosogeza kipimo kifuani mwa mgonjwa. Kingine ni kamera inayoona mwanga ulio nje ya zambarau. Tabaka la ozoni juu angani linazuia sehemu fulani ya mwanga huo wa jua usitufikie, kwa hiyo kamera ikitazama sehemu hiyo tu, jua haliisumbui, na cheche inaonekana hata mchana. Lakini angalieni: hata kamera hiyo ya bei kubwa haioni cheche isiyokuwapo. Vumbi likiwa kavu itarudi na picha nzuri na tupu. Kamera ya joto nayo ni nzuri kwa kutafuta viungo vya waya vilivyolegea, lakini kwa cheche hizi zinazowaka na kuzima haisaidii sana.

Njia nyingine ni kuvisha izolateri kipimo kinachohesabu umeme unaovuja na kurukaruka. Na kuna ile ninayoipenda mimi, maana inafanana na kazi ya laboratwari: laini imekatwa, fundi anaosha kisahani kwa maji safi yasiyo na chumvi, halafu anapima maji hayo machafu yanapitisha umeme kiasi gani. Hapo anajua ni miligramu ngapi za chumvi zilikaa juu ya kila sentimeta ya eneo. Ni kama tunavyopima mkojo: tunajua hali ya ndani kabla mtu hajaanguka.

Kioo na kaure havifanani katika jambo moja. Kisahani cha kioo kikiharibika kinapasuka chote vipande vidogo, unaona pengo kutoka chini. Kaure inaweza kuwa na ufa ndani na nje iko nzima. Kwa hiyo nguzo yenye kaure ya zamani isituzoeze kwa uzuri wa sura yake.

Na laini ile ya Inga ina ugumu wake wa peke yake. Umeme wake haubadilishi upande, unakwenda upande mmoja tu, na umeme wa namna hiyo unavuta vumbi la hewani likanate juu ya izolateri kuliko umeme wa kawaida.

Mkisikia kilio, mfanye nini? Msiende karibu. Msipande. Msirushe maji. Nimesikia kwamba kijana mmoja alitaka kuosha kwa mpira wa bustani. Nashukuru baba yake alimwahi. Kuosha izolateri ni kazi ya watu waliofundishwa, laini ikiwa imekatwa na kufungwa ardhini, au kwa mashine na maji ya namna ya peke yake. Wanaweza pia kupaka mafuta ya silikoni, ambayo yanafanya maji yabaki matone matone, yasitandazike. Kazi yenu ninyi ni kutoa habari: namba ya nguzo iliyoandikwa kwenye kibati, saa, hali ya hewa (umande, ukungu, manyunyu), na sauti au rangi ya moto. Mpe mkubwa wa kazi, na mwombe aandike. Shefu anayecheka anapoletewa habari kama hiyo, mimi ninamhesabu katika sababu za ajali, sawa na vumbi lenyewe. Ninajua maneno haya hayatawafurahisha wote.

Na uchafu mwingine tunautia wenyewe. Tanuru la matofali kando ya kichuguu chini ya laini, tanuru la makala, moto wa kusafisha shamba la mihogo: masizi yote yanapanda juu. Tena moshi mzito na ndimi za moto zinaweza kuurusha umeme saa ile ile kutoka kwenye waya, bila kungoja umande. Chini ya nyaya nafasi ni wazi na udongo ni mzuri, ninajua, na familia zinahitaji kula. Lakini moto, hapana. Na watoto wanaopiga visahani vya kioo kwa manati, baba zao ndio wa kuwaambia.

Umeme ukisha kuruka, waya unaweza kukatika. Tarehe 2 Februari 2022, katika soko la Matadi-Kibala, Kinshasa, waya wa umeme wa nguvu kubwa ulikatika na kuangukia mahali palipojaa maji ya mvua. Watu 26 walikufa, wengi wao akina mama wauzaji. Ajali ile siihesabu kuwa ya izolateri chafu, lakini inaonyesha waya ulioanguka unafanya nini. Udongo wenyewe unabeba umeme kuzunguka mahali ulipogusa. Mtu anayepiga hatua ndefu, mguu mmoja uko kwenye nguvu hii na mwingine kwenye nguvu ile, na umeme unapita kupitia miguu yake. Basi ondokeni kwa kuburuta nyayo pamoja, hatua ndogo sana, bila kukimbia, mpaka mita 20 na zaidi. Kwa umeme wa nyumbani tuliwafundisha kutumia kijiti kikavu kumwondoa mtu. Kwa nguvu kubwa kijiti hakisaidii: msimguse mpaka watu wa umeme wamesema imekatwa. Ni vigumu kumtazama ndugu yako amelala. Nimewahi kupokea wawili mahali pa mmoja.

Ikisha kukatwa, kama hapumui, bonyezeni katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Mwenye kujua atie pumzi mbili baada ya kila mabonyezo 30. Palipoungua pamwagiwe maji safi dakika 20. Si mawese, si dawa ya meno, si udongo. Na hata yule aliyesimama mwenyewe akasema «niko muzima», aje. Umeme mkubwa unapika nyama ya ndani huku ngozi ina kidonda kidogo tu. Moyo unaweza kuharibika mwendo baadaye, na mkojo ukitoka mweusi kama chai nzito, figo ziko hatarini na saa zinahesabika.

Mlinzi yule nilionana naye tena. Bado analinda, kituo kingine. Alitoa mfukoni kitabu kidogo cha shule, kimekunjwa mara mbili, akanionyesha: tarehe, saa, umande ndiyo au hapana, sauti ndiyo au hapana. Kando ya kila mstari wenye «ndiyo» mara mbili kulikuwa na sahihi ya shefu wake mpya. Aliniomba kalamu, maana yake ilikuwa imekwisha wino, na mvua ya kwanza ilikuwa bado haijaanguka.